Kigelegele cha Bibi

Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, hapa Mkolani ninakoishi siku hizi, gari la kampeni likapita barabara ya vumbi. Kusema kweli sikulijali. Msimu huu yanapita tangu asubuhi, kila moja na spika zake, mpaka kuku wameshazoea. Mimi nakamua shuka langu. Mara nikasikia watoto wa kike wanaimba kiitikio, na sauti moja kati ya zile ilikuwa yangu.

Usinicheke. Mtu anaijua sauti yake hata ya utotoni, hasa kama alikuwa na pengo mbele na kila "s" inatoka na upepo. Nikabaki na shuka mkononi, maji yananichuruzikia miguuni. Wakalitaja jina la mgombea wao kwa mbwembwe zote, na jina lilipoisha tu kikafuata kigelegele. Kirefu, kinaanzia chini, kinapanda, halafu kinakatika ghafla kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria jikoni. Jamani, kile kigelegele nakijua. Ni cha bibi yangu mzaa baba. Bibi yuko kaburini miaka mingi sasa, na mtu waliyemfanya amshangilie ndiye aliyemtoa mwaloni.

Shuka nililiangusha palepale. Ngoja nikueleze vizuri, maana nikianza na hasira hutanielewa.

Sisi tumekulia upande wa Ilemela, kwenye nyumba zilizojengwa juu ya mawe, huku chini ziwa, huku juu ndege zinashuka uwanjani mpaka mabati yanatetemeka. Mwalo wetu ulikuwa chini ya mawe hayo. Kama hujawahi kuishi ziwani, mwalo ndipo mitumbwi inapotia nanga, samaki wanashushwa, na akina mama wanagombania bei na wavuvi kwa maneno ambayo mtoto hatakiwi kuyasikia. Pembeni kulikuwa na eneo pana la mchanga na majabali bapa. Hapo ndipo bibi, mama, na wanawake wengine walianika dagaa. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya eneo lile. Kila mama alijua jabali lake, na bibi jabali lake alilirithi kwa mama mkwe wake, basi.

Harufu ya dagaa wanaokauka, wewe mtu wa mjini unaweza kuziba pua, lakini mimi hata leo nikiipata sokoni nasimama kidogo. Asubuhi tulikuwa tunapita na reki kuwageuza, mchana tunawafukuza korongo, yale mandege makubwa yenye upara na tabia mbaya. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya ziwa, bibi alipiga ukelele mmoja tu, watu wazima na watoto wote wanakimbilia kuanua. Ukizembea unalala na matusi. Ila ukifanya kazi vizuri unapewa kiganja cha dagaa wa moto waliokaangwa bila mafuta, unakula na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, unatafuna mpaka taya zinauma. Sijawahi kula hoteli yoyote kitu cha kushinda kile.

Sasa, dagaa wanavuliwa kwenye giza, kwa taa za karabai. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina maana, wavuvi wanapumzika, na ule mchanga unabaki mtupu. Siku hizo za mbalamwezi ndizo zilizozaa kundi la kaka yangu. Walikuwa watatu. Kaka ndiye aliyeandika mistari, mtu mkimya, anatembea anaongea mwenyewe. Fundi redio wa pale mtaani ndiye aliyekuwa anatengeneza biti. Wa tatu alikuwa mtoto wa jirani yetu, na huyo ndiye aliyekuwa na sauti. Kha! Yule kijana akichana, hata wavuvi walevi walinyamaza. Mama yake alikuwa mgonjwa mgonjwa, kwa hiyo yeye alikula kwetu, alifuliwa kwetu, na mama yangu akimwita "mwanangu" hakuwa anatania. Walijiita Wana wa Mwalo. Jioni walisimama juu ya jabali la bibi, na sisi wasichana tulipangwa chini yake kuimba kiitikio.

Mwanzoni walichana upuuzi wa kila kijana, mapenzi na viatu. Bibi akawakatisha. Alikuwa anachekecha dagaa, hata hakuinua uso, akasema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Mnapiga kelele ya bule. Kwenye ledio wamejaa wa kusifia viatu. Nani atasema huu mwalo unauzwa?" Maana kweli, habari zilishaanza kuzagaa. Watu wenye viatu safi walikuwa wanakuja na kamba za kupimia, wanapima mchanga, wanaondoka bila hata kusalimia. Ilisemekana kuna tajiri anataka kujenga hoteli, na kuna wakubwa wameshakubali bila kumuuliza mtu.

Kaka aliandika ule wimbo wiki hiyohiyo. Kiitikio chake kilikuwa rahisi, "Kabla hamjauza, tuulizeni! Mwaloni tupo, tuulizeni!" Mapigo yake fundi redio aliyachukua kwenye ungo wa mama, ile shwaa-shwaa-ta ya kupepeta. Beti za kaka zilitaja mambo kwa majina yake. Nani kaja na kamba, nani kapokelewa ofisini, nani kasema akina mama wananuka. Ilikuwa ukichana hivyo unatazama kwanza nani amesimama nyuma yako. Wao hawakutazama.

Siku ya kwenda kurekodi mjini, bibi alisikia tunakwenda studio, akajua tunakwenda kupigwa picha. Akavaa gauni lake la Pasaka, akajipaka mafuta mpaka paji la uso linang'aa, akasema haiwezekani wajukuu wake wapigwe picha yeye akiwa nyumbani. Nani angethubutu kumkatalia? Mama alibaki na dagaa, maana siku hiyo jua lilikuwa kali na mtu wa kugeuza alihitajika. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, joto la kufa mtu. Bibi akasimama mbele ya kipaza sauti wima, mikono imenyooka, anangoja mwanga wa kamera. Tulicheka mpaka tukaharibu kiitikio. Lakini yule mtoto wa jirani alipofika kwenye ubeti unaosema mwalo hauna bei kwa sababu hauna mwenye kuuza, bibi akasahau picha. Akapiga kigelegele. Kilitoka palepale, hakuna aliyempanga, na fundi redio akakataa kukifuta.

Hapa inabidi nikwambie jambo la nyumbani kwetu. Bibi akipiga kigelegele, mama anamwitikia. Iwe harusini, iwe kanisani, iwe ni furaha tu ya mtumbwi kurudi umejaa, bibi anaanzisha na mama anapokea. Mama aliolewa akiwa binti mdogo, siku anaingia uani bibi alimpigia kigelegele, na mama kwa woga akashindwa kujibu, akawa analia. Bibi akamwambia, "Ng'wana wane, mwanangu, kigelegele cha mwanamke hakiachwi hewani peke yake. Ukiniachia hewani umenikana." Tangu hapo mama hajawahi kumwachia. Sasa studio mama hakuwepo, kwa hiyo kwenye wimbo kigelegele cha bibi kimekaa peke yake. Basi kila redio ilipopiga ule wimbo, mama popote alipo aliitikia. Mikono iko kwenye unga, anaitikia. Yuko chooni, anaitikia. Bibi akawa anacheka mpaka anajishika mbavu.

Na redio iliupiga, asikudanganye mtu. Madukani, vinyozi, kwenye simu za wavuvi. Lakini siku yao kubwa ilikuwa ya uwanjani.

Wasukuma tuna namna yetu ya kushindanisha ngoma, ukienda Bujora wakati wa sikukuu ya ngoma utaiona. Makundi mawili hayapeani zamu. Yanapiga kwa wakati mmoja, uwanja uleule, huyu upande huu na yule upande ule, na watu wanahama. Ukipendezwa unakwenda, ukichoshwa unageuza mgongo. Mwenye watu wengi ndiye mshindi, hakuna jaji wala kombe linalohitaji maelezo. Basi kulikuwa na sherehe, wakubwa wamekaa kwenye kivuli cha maturubai, na bendi ya kuwasifu imeletwa na vyombo vya nguvu. Vijana wetu hawakualikwa. Walikuja na spika moja ya fundi redio, wakasimama upande wa pili wa uwanja, wakaanza. Wale wakubwa walidhani ni fujo. Watu wazima waliokuwepo walielewa mara moja ni nini kinafanyika, na ule umati ukaanza kusogea. Polepole kwanza, wazee wenye fimbo, akina mama na watoto mgongoni, halafu wote. Nilikuwa mbele naimba kiitikio, nikaona migongo ya watu wote inawageukia wale wa kwenye kivuli. Bibi alikuwepo, mama alikuwepo. Kigelegele kikapigwa na kikaitikiwa, na wanawake wote wa mwaloni wakakipokea baada yao.

Kaka na mtoto wa jirani walichukuliwa siku hiyo jioni, wakalala ndani. Bibi aliwapelekea ugali na sato kituoni, akakaa nje kwenye mchanga akikataa kuondoka mpaka wameachiwa. Walipotoka, yule mtoto wa jirani alipiga magoti mbele ya bibi na mama, machozi yanamtoka, akasema, "Mama, bibi, mimi huu wimbo sitauchana kwa mtu yeyote wa upande ule. Hata nife." Mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Mama alimshika kichwa akambariki.

Kamba zikaacha kuja. Tukadhani tumeshinda, si unajua utoto. Kumbe walikuwa wanasubiri tuchoke. Kaka akapata nafasi ya chuo, fundi redio akahamia Geita kwenye machimbo, kundi likafifia. Redio zikapata nyimbo nyingine. Halafu asubuhi moja tukakuta mwaloni pamezungushwa uzio wa mabati, mlinzi mlangoni, na jabali la bibi liko ndani. Bibi alisimama pale na ungo wake kichwani. Mlinzi alikuwa kijana wa watu, akamwamkia, "Shikamoo bibi," kisha akamwambia haruhusiwi kuingia. Ni yule tajiri, huyuhuyu anayegombea leo, na ile hoteli iko mpaka leo, ina bustani na watu wanapigia picha za harusi juu ya jabali letu. Bibi akawa anaanika dagaa kando ya lami. Vumbi, mchanga, magari, nani atanunua? Hakuishi sana baada ya hapo. Watu wanasema presha. Mimi ninajua ni nini.

Baada ya msiba mama hakuacha. Wimbo ukitokea mahali, mara mojamoja kwenye vile vipindi vya nyimbo za zamani, mama anasimamisha kila kitu na anaitikia. Wajukuu zake walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Mimi nilijua anamsalimia mama mkwe wake.

Sasa ndio urudi na mimi kwenye lile shuka.

Nilimpigia kaka palepale. Anafanya kazi Dodoma, ofisi yenye kiyoyozi, siku hizi hata kucheka anacheka kwa mpangilio. Nikamwambia, kuna wezi wamechukua wimbo wenu, wamebadilisha beti, wamebakiza sauti zetu kwenye kiitikio, na bibi wamemweka amshangilie mtu wa uzio! Nikasikia kaka anafunga mlango wa ofisi.

"Siyo wezi," akasema. "Mwenzetu wa jirani alinipigia. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nani na nani?"

"Mimi na yeye. Dada, mambo yamebadilika. Yule mzee anasaidia vijana, na mimi na nafasi yangu hii siwezi kuonekana nakataa. Halafu bibi angefurahi kusikika tena."

Bibi angefurahi! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, nikakata simu. Yule mtoto wa jirani ningeweza kumwelewa mapema, mtu wa njaa ni mtu wa njaa. Lakini kaka? Kaka aliyeandika mistari ile kwa mkono wake, akiwa amekaa kwenye kivuli cha ungo wa bibi? Nililia, nakwambia wazi, nililia na nguo hazijaanikwa.

Nikaenda Ilemela kwa mama. Nikamkuta amekaa barazani na kanga mpya ya kampeni kwenye mapaja, bado haijakatwa. Yule mtoto wa jirani, sasa mtu mzima mwenye kitambi na gari, alishapita kumsalimia. Alimwamkia vizuri, akamwomba aje kwenye mkutano kesho yake, atakaa mbele kabisa, wimbo wao wa zamani utapigwa. Nikamweleza mama nilichosikia. Akanitazama kama nimemtukania mtoto.

"Umesikia vibaya," akasema. "Wale wa magari wanachanganya nyimbo. Yule nimemlisha mimi."

"Mama, nimeisikia sauti yangu mwenyewe."

"Basi nitakwenda nisikie na mimi. Si ameniita?"

Kaka sikumtaja. Mama alikuwa ameshajipangia gauni la kuvaa, na nilitaka kwanza asikie kwa masikio yake.

Uwanja ulikuwa uleule. Nilitazama upande wa pili, pale waliposimama na spika yao moja, nikakuta magari ya wageni yameegeshwa mpaka ukutani. Hakuna pa mtu kuhamia. Watu wote walikuwa wametazama mbele, wengine na kofia, wengine wanasinzia, na vijana wa fulana wanaowaambia wakati wa kupiga makofi. Mama aliketishwa kiti cha plastiki mstari wa mbele, pamoja na akina mama watatu wanne wa mwaloni waliobaki. Kanga ya kampeni hakuivaa, alivaa yake ya zamani iliyopauka. Mgombea alikuwa jukwaani, mzee sasa, anatabasamu. Mtoto wa jirani akachukua kipaza sauti. Sauti yake bado nzuri, Mungu anisamehe, bado nzuri vilevile.

Ungo ukaanza, shwaa-shwaa-ta. Nikaona mama anatikisa kichwa kidogo, ametabasamu, akanigeukia kama anayesema, si nilikwambia? Kisha beti zikaja. Barabara, maji, maendeleo, baba yetu huyu, kiongozi wetu huyu. "Kabla hamjachagua, tuulizeni!" ndivyo walivyokigeuza, halafu kutoka kwenye spika sisi watoto tukaingia nyuma yake na lile "Mwaloni tupo, tuulizeni!" kama lilivyokuwa, sauti nyembamba, na pengo langu. Tabasamu la mama likabaki pale usoni, ila macho yaliondoka. Yule mtoto wa jirani alichana akimtazama mtu mmoja tu, yule mzee. Upande wa mama hakutazama hata mara moja. Akalitaja jina, akalivuta, akanyoosha mkono kwa mzee wa uzio.

Kigelegele cha bibi kikapaa juu ya uwanja mzima. Kutoka kwenye spika kubwa namna ile kilikuwa kama yuko hapo, amevaa gauni lake la Pasaka.

Mama alivuta pumzi. Nilimwona, nilikuwa nyuma yake. Kifua kilijaa, kidevu kikainuka, mdomo ukafunguka kama ulivyofunguka maisha yake yote. Akina mama wa mwaloni wakamgeukia, wakingoja aanze wamfuate. Kile kigelegele kikapanda, kikafika pale kinapokatika, kikakatika.

Mama akachukua pindo la kanga yake, akaliweka mdomoni, akalishikilia kwa mikono miwili. Jukwaani waliendelea kuimba, na kigelegele kilirudi tena, maana wamekitega kirudi baada ya kila jina, na kila kiliporudi aliikaza zaidi ile mikono. Wale wenzake nao hawakutoa sauti.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani alisema mara moja tu, na hakuwa anasema na mimi.

"Nisamehe, mama. Leo nimekuachia hewani."